Samadi ya Maji na Chombo cha Kuienezea

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja tena, apate kuulimia na kuutia samadi. Nasi mwezi huu twapenda kunena habari za samadi, hasa ile ya maji, yaani mavi ya ng'ombe yaliyochanganyika na mkojo na maji ya kuoshea zizi. Katika vihamba vya Kilimanjaro nyumba nyingi hufuga ng'ombe zizini, na mara nyingi mali hii hupotea mlangoni petu.

Kwanza twakiri kosa letu. Tulikuwa tukiichota kwa debe na kuimwaga karibu na nyumba, kwa kuwa mzigo ni mzito na njia ni ya mteremko. Mahindi ya karibu yalirefuka mno, yakaangushwa na upepo. Ya mbali yakawa manjano. Tena mvua iliponyesha, samadi iliyorundikana iliteremka mpaka mferejini. Jirani yetu wa chini, mama mjane, akaja na ndoo yake ya maji ya kunywa, akatuonyesha. Hakutoa neno kali, nasi tuliona haya. Ndipo tulipofahamu ya kuwa kueneza samadi sawasawa ni haki ya jirani pia.

Basi, tuchague chombo gani? Yafaa kutazama mambo matatu: ukubwa wa shamba, mteremko wake, na uzito wa samadi yenyewe.

Penye migomba na mteremko mkali, ndoo mbili na kopo lenye mpini mrefu zatosha. Samadi ichanganywe na maji kiasi kilekile, ikorogwe, na majani yatolewe. Kisha imwagwe katika kifereji kifupi, mbali kidogo na shina, na kufukiwa.

Penye shamba tambarare la ekari moja au mbili, afadhali pipa la lita 200 juu ya mkokoteni. Bomba lenye matundu madogo huziba upesi. Tundu moja pana lenye kizibo ni bora, na chini yake bati lililoinama, ili samadi ilipige na kutawanyika. Lakini pipa lililojaa hupita kilo 200; lisipelekwe mteremkoni.

Wenye mashamba makubwa hutumia tangi linalovutwa na trekta. Bati la kurushia hufika mbali, lakini samadi ikirushwa hewani hupoteza amonia, nayo ndiyo chakula cha mimea. Kwa ajili hiyo nchi ya Denmark ilikataza urushaji wa namna hiyo mwaka 2003, wakulima wakatumia mabomba yanayoilaza juu ya ardhi. Nasi tujifunze: bati liwe chini, kazi ifanywe jioni au siku ya mawingu isiyo na upepo, na samadi ifukiwe mara moja.

Kabla ya kutoa fedha, kijaribuni chombo kwa maji. Pangeni makopo matano yaliyo sawa, kwa safu inayokata njia ya mkokoteni, mpite mara moja, kisha mlinganishe. Mara nyingi kopo la pembeni hupata kidogo kuliko la katikati. Basi safari ya pili iingie kidogo juu ya ile ya kwanza. Pipa moja likienea mahali penye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, kila mita ya mraba imepata lita 1. Walimu, hesabu hii yawafaa watoto darasani.

Jihadharini pia. Msiimwage karibu na mfereji, wala mvua kubwa inapokaribia, wala juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Na mtu yeyote asiingie katika shimo la samadi, hata mwenzake akitumbukia, maana hewa yake huua kwa dakika chache. Apige kelele kuita watu, amvute kwa kamba akiwa nje.

Siku hizi twapeleka samadi yetu mpaka mwisho wa shamba, na mama yule huchota maji safi. Mavuno yakizidi, tumkumbuke Mungu na jirani. Naye aibariki kazi ya mikono yenu.