Meno ya Watoto na Mfuko wa Mzazi (2): Boksi Zima la Nyanya

Wiki iliyopita tulizungumzia ebinyo, yale "meno ya uongo" ambayo wazazi wengi wa hapa Uganda huyalaumu mtoto mchanga akiharisha au akishikwa na homa, na ambayo Watanzania huyaita meno ya plastiki. Leo tuje kwenye jino la kweli, lile linalooza, na bei yake pale mzazi asipokuwa na kadi ya bima.

Jirani yangu anauza nyanya katika soko la Nakawa, Kampala. Mwanawe ana miaka mitano. Kwa wiki nzima mtoto alikuwa akitafunia upande mmoja tu, na mama akadhani ni deko. Usiku wa Jumatatu fizi ikatoa kijipu. Asubuhi alinigongea: "Mwalimu, twende wote kwa musawo, wewe unajua kuuliza." Musawo, yaani daktari. Tukapanda boda boda mpaka zahanati moja ya binafsi ambayo sitaitaja.

Daktari alimulika kinywa, akaandika hesabu kwenye karatasi. Kumwona daktari, shilingi 30,000. Picha, 30,000. Kutibu mzizi wa gego la kwanza na kuliziba, 180,000. Kuziba gego la pili, lililo nyuma yake, 80,000. Jumla 320,000. Mama akaisoma mara mbili, akasema, "Musawo, hilo ni boksi zima la nyanya." Kisha akauliza swali ambalo nina hakika daktari huyo hulisikia kila siku: kung'oa ni bei gani? Elfu hamsini kwa jino. "Basi ng'oa yote mawili. Si meno ya utoto tu? Yataota mengine."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Meno ya utotoni ni 20, nayo huanza kung'oka yenyewe mtoto akifika miaka sita hivi. Lakini wanaoyaona mapengo ya mbele hudhani yote huondoka pamoja. Magego hukaa mpaka miaka tisa, kumi, hata kumi na miwili. Lile gego la pili la mtoto huyu lilikuwa limebakiwa na kazi ya miaka mitano au zaidi. Na kazi yake si kutafuna peke yake: linashika nafasi. Kwenye miaka sita gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma yake, bila kungoja jino lolote ling'oke, na wazazi wengi hulihesabu kuwa nalo ni la utoto. Likikuta pengo mbele yake, linasogea. Jino lililokuwa liote hapo baadaye linakosa pa kutokea, linaota pembeni. Kunyoosha meno yaliyopandana kuna bei ambayo muuza nyanya hata haulizi.

Kwa nini kuziba kuwe ghali hivyo? Sitaki kumfanya daktari kuwa mwizi. Vifaa vyake karibu vyote vinatoka nje na hununuliwa kwa dola. Ganzi ikishafunguliwa kwa mtoto mmoja haitumiki kwa mwingine. Mashine ya kuchemshia vyombo inakula umeme, na umeme ukikatika jenereta inakula mafuta. Halafu kuna muda: mtoto wa miaka mitano anayelia na kufumba mdomo anamaliza saa ambayo watu wazima wawili wangehudumiwa.

Serikali iliondoa malipo katika hospitali zake mwaka 2001, na hospitali ya Naguru, iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa msaada wa China, ni dakika chache kwa boda boda kutoka sokoni. Lakini foleni, popote ilipo, inamaanisha meza ya nyanya isiyofunguliwa siku hiyo, na nyanya hazingoji. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa. Rais hakuutia saini. Kwa hiyo bima Kampala imebaki kuwa mambo ya walioajiriwa, na hata kwao meno huwekewa kikomo chake.

Nikamuuliza daktari: gego la pili haliwezi kuzibwa kwa mkono? Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbushwa shule.

Njia hiyo ilizaliwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa Dar es Salaam, wakitafuta namna ya kutibu meno mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Wakaacha mashine kabisa. Uozo laini unakwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha tundu linajazwa simenti maalumu inayoshikana na jino lenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe, na mwaka 2021 simenti hiyo ikaingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu. Ina mipaka: tundu likiwa juu tu, upande wa kutafunia, inadumu vizuri, likiwa limekula ubavu wa jino pia, simenti hubanduka mapema zaidi. Na jino lililokwisha kufa, kama lile lenye kijipu, hailiokoi.

Ajabu ni kwamba katika zahanati nyingi mzazi haambiwi kuwa ipo. Labda kwa sababu kiti na mashine vimenunuliwa kwa mkopo wa benki na lazima vijilipe. Labda kwa sababu mzazi mwenyewe anaona kisicho na mashine ni cha kimaskini.

Gego la kwanza liling'olewa. Mtoto alipiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. La pili lilikwanguliwa na kuzibwa kwa mkono, robo saa hivi, mtoto akiwa ameshika kidole changu na kukiminya zaidi kuliko alivyolia. Picha haikupigwa. Hesabu mpya: 30,000 ya daktari, 50,000 ya kung'oa, 50,000 ya kuziba. Mama akafungua fundo la leso, akahesabu noti mpaka 90,000, zilizobaki akaahidi kuzituma kwa simu Ijumaa, siku boksi jipya litakapofika.

Tukitoka akanunua soda moja, akampa mtoto ili anyamaze.

(Wiki ijayo: dawa za meno zinazouzwa sokoni, na namna ya kusoma maandishi ya ubavuni.)