Macho ya mtoto hutazama, ubongo huamua cha kukumbukwa

Mama wa Longonot, Kaunti ya Nakuru, aliyeajiriwa katika mashamba ya maua ya Naivasha ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Likizo ikiisha, mtoto hushinda mikononi mwa nyanya, yaya au jirani. Katika saa hizo, ubongo wake unaendelea kujifunza cha kuzingatia na cha kukumbuka.

Wengi hudhani kwamba mtoto asiyejua kusema hana kumbukumbu. Mwaka 1964, mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alionyesha vinginevyo. Aliwawekea watoto picha mbili kwa pamoja, moja ikirudiwa na nyingine ikibadilishwa kila mara. Waliozidi umri wa miezi miwili waliipuuza polepole ile iliyorudiwa, wakaitazama zaidi ile mpya. Ni dhahiri kwamba asiyekumbuka hawezi kuchoshwa na alichokwisha kukiona.

Hata hivyo, macho pekee si shahidi wa kutosha. Mtoto huweza kukikodolea kitu macho ilhali hakizingatii. Ndipo watafiti walipogeukia umeme wa ubongo, ambao daktari Mjerumani Hans Berger aliurekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Mtoto huvishwa kofia yenye vipokezi vidogo vinavyonasa umeme huo hafifu juu ya ngozi ya kichwa, bila sindano wala maumivu, kama vile kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, kilivyonasa mawimbi dhaifu kutoka angani.

Kabla ya sekunde moja kupita tangu picha itokee, wimbi maalumu huonekana sehemu ya mbele na ya kati ya kichwa. Mtafiti John Richards wa Marekani alibaini kuwa wimbi hilo huwa kubwa zaidi mapigo ya moyo wa mtoto yanapopungua kasi, dalili kwamba amezingatia kwa dhati. Kilichotazamwa katika hali hiyo ndicho hutambuliwa vyema baadaye.

Lishe nayo ina nafasi yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa watoto wa miezi tisa wenye madini ya chuma ya kutosha, wimbi hilo lilikuwa kubwa zaidi walipoonyeshwa uso wa mama kuliko wa mgeni. Kwa wenye upungufu wa damu uliotokana na uhaba wa madini hayo, tofauti hiyo ilijitokeza wakiwa na miezi 12.

Mlezi hahitaji mtambo ili kunufaika na maarifa haya. Mtoto anapotulia akitazama kitu, asikatizwe. Mlezi amtajie jina la kitu hicho kwa upole. Akigeuza uso, aachwe apumzike. Kuanzia miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, apewe vyakula vyenye madini ya chuma kama vile maini, omena na maharagwe yaliyopondwa. Na mtoto aliyetimiza miezi mitatu bila kufuata kwa macho uso wa mtu au kitu kinachosogea apelekwe kliniki mapema.