Microsoft Mbele ya Jaji

Muhula uliopita nilishindwa vibaya katika chama chetu cha majadiliano. Mpinzani wangu alisema jambo lililo wazi kwa kila mtu, nami nikalikana. Tangu hapo wasikilizaji hawakuniamini hata niliposema kweli. Mwalimu wetu akanishauri nisome habari za kesi ya Microsoft. Nimezisoma, na napenda kuwaeleza wenzangu, pamoja na ninyi mliotutangulia shuleni hapa, jinsi kampuni ile ilivyojitetea.

Mei 1998 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadha, iliishitaki Microsoft kwa Sheria ya Sherman ya mwaka 1890. Sheria hiyo haikatazi kampuni kuwa kubwa. Yakataza kutumia ukubwa kuwafungia wengine njia. Kompyuta ndogo nyingi mno duniani ziliendeshwa kwa Windows, programu ya Microsoft. Serikali ilidai kwamba kampuni iliiogopa Netscape, iliyotengeneza programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ndipo ikaitia ya kwake, Internet Explorer, ndani ya Windows bila malipo, na kuwabana watengenezaji wa kompyuta wasiiondoe.

Ngao ya Microsoft ilikuwa hii: hivi si vitu viwili, ni kimoja. Wala haikuwa ngao ya karatasi, maana Juni 1998, katika shauri lililotangulia, mahakama ya rufani ilikuwa imeikubali hoja ya namna hiyo.

Ingalitosha, nadhani. Lakini kampuni ilitaka kukana kila kitu. Bill Gates alihojiwa mbele ya kamera kwa saa 20 hivi, na aliyemhoji zaidi ni David Boies, wakili wa serikali. Gates alibishania maana ya maneno madogo kama "sisi" na "kushindana", na mara nyingi alijibu kwamba hakumbuki. Vipande vya filamu hiyo vilipoonyeshwa mahakamani, Jaji Thomas Penfield Jackson mwenyewe alicheka. Februari 1999 ikaja aibu nyingine. Kampuni ilileta filamu ya kuonyesha kwamba Explorer ikiondolewa, Windows huzorota. Boies akaonyesha maandishi yaliyokuwa juu ya kioo cha kompyuta, nayo yalipingana na maelezo ya kampuni. Shahidi wao, James Allchin, akakiri kosa, na jaribio likarudiwa.

Juni 2000 Jaji akaamuru kampuni igawanywe mara mbili.

Hapo mawakili wakageuza vita. Badala ya kubishania Explorer tu, walimshitaki Jaji mwenyewe: alikuwa amezungumza na waandishi wa habari kwa siri, na hata kumfananisha Gates na Napoleon. Tarehe 28 Juni 2001 majaji saba wa rufani, kwa kauli moja, walikubali kwamba Microsoft ilikuwa imelinda uhodhi wake kinyume cha sheria. Lakini wakafuta amri ya kuigawa, na kumwondoa Jackson katika kesi.

Mwenzangu mmoja bwenini asema ukaidi ule ndio ulioiokoa kampuni, kwa kuwa ulimkasirisha Jaji mpaka akaropoka. Mimi sikubali, hakuna wakili awezaye kupanga ulimi wa jaji. Novemba 2001 serikali na Microsoft walipatana. Netscape ilikuwa imekwisha nunuliwa na AOL tangu 1999.