Nyumba za Serikali na Chemchemi ya Kijiji

Msafiri apitaye barabara itokayo Kisii kwenda Keroka huufikia mji mdogo wa Keumbu, wenye soko na hospitali. Nchi ya hapo ni ya milima na mabonde. Mvua hunyesha kwa wingi, migomba na chai hustawi, na mashamba ni madogo kwa kuwa watu ni wengi. Katika hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali kama hapo nyumba zatakiwa sana, lakini ardhi ya kuzijenga ni haba.

Mwaka 2024 ilitungwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Kwa sheria hiyo mfanyakazi hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho, ili nyumba zijengwe. Fedha hizo zatoka mifukoni mwa watu. Kwa hiyo ni haki yao kujua jinsi kazi yenyewe ipasavyo kufanywa.

Watu wengine hudhani kwamba ikiwa mjenzi ni serikali, basi hana haja ya ruhusa. Sivyo hata kidogo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 yaamuru kwamba kazi zilizotajwa ndani yake zisigharimiwe wala zisianzwe kabla ya kuchunguzwa madhara yake kwa ardhi, maji, hewa na maisha ya watu. Uchunguzi huo huitwa tathmini ya athari kwa mazingira. Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ijulikanayo kwa kifupi kama NEMA. Desturi ya namna hii ilipata nguvu ya sheria huko Marekani mwaka 1970, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi.

Uchunguzi hupimwa kwa ukubwa wa kazi. Kwa kanuni za mwaka 2019, mtaa mpya usiozidi nyumba 30 huhesabiwa kuwa wa hatari ndogo. Ukizidi nyumba 30 lakini usipite 100, hatari yake ni ya kadiri. Ukipita nyumba 100, hatari yake ni kubwa, na hapo taarifa fupi haitoshi. Ni lazima wataalamu wenye leseni wafanye uchunguzi kamili.

Na ichukuliwe mfano. Tuseme kwamba nyumba 120 zakusudiwa kujengwa juu ya kilima karibu na Keumbu, na chini ya kilima hicho pana chemchemi ambayo akina mama huteka maji asubuhi na jioni. Mchoro wa nyumba waweza kuwa mzuri sana, lakini mchoro hauonyeshi yote. Maji machafu ya jamaa 120 yatakwenda wapi? Mvua ya masika ikianguka juu ya mabati na saruji, badala ya kunywewa na udongo, itateremka kwa njia gani, na itapita katika shamba la nani? Udongo utakaochimbwa utamwagwa wapi, usije ukazibwa mto? Uchunguzi wapasa kujibu maswali hayo, na kueleza jinsi kila dhara litakavyozuiwa. Tena kanuni za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto uhifadhiwe, si chini ya mita 6 wala si zaidi ya mita 30 kila upande, kuanzia mahali maji yalipofika wakati wa mafuriko makubwa kabisa yaliyopata kuonekana.

Wataalamu hupima udongo na maji, lakini hawakuzaliwa kijijini. Mzee aliyeishi hapo miaka sitini ndiye ajuaye mahali palipomomoka siku za mvua kubwa, na ni chemchemi ipi isiyokauka wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 2003 zaagiza kwamba katika uchunguzi kamili matangazo yabandikwe mahali pa watu wengi, yatolewe katika magazeti na redio, na ifanywe mikutano isiyopungua mitatu pamoja na watu watakaoguswa na kazi hiyo. Taarifa ikiisha kuandikwa, Mamlaka hutangaza na kuwapa watu siku 30 za kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi.

Mwenye maoni na aseme mambo yaliyo wazi. Kusema tu, "Hatutaki," hakumsaidii mwenye kuamua. Afadhali aeleze chemchemi ilipo, ni jamaa wangapi waitumiao, na maji ya mvua hupita wapi. Aandike barua, aipeleke katika ofisi ya Mamlaka iliyo katika kaunti, naye ajiwekee nakala.

Asiyeridhika na leseni iliyotolewa aweza kukata rufani mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira katika muda wa siku 60. Baraza hilo lina nguvu. Mwezi wa Juni mwaka 2019 lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo ni kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Isidhaniwe kwamba uchunguzi huu ni adui wa nyumba. Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya makao yafaayo, na pia haki ya mazingira safi yenye afya. Haki moja haikuwekwa ili iimeze nyingine. Mfereji huchorwa upya kwa siku moja ukiwa bado katika karatasi. Lakini chemchemi ikiisha kuharibika, kuitengeneza ni kazi ya miaka. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tangazo likibandikwa sokoni, lisomwe, na asiyejua kusoma asomewe; na siku ya mkutano ikifika, watu wahudhurie.