Sokwe Hana Mkia

Mwezi uliopita tulialikwa Litein, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya chai katika njia ya Kericho na Sotik. Mwenyeji wetu ni mfanyabiashara mwenye asili ya Mombasa, naye anamlea mtoto wa marehemu nduguye, mvulana wa miaka minane. Tusifiche: tulikwenda kwa shauri hilo. Jamaa huku pwani walitaka mtoto arudishwe kwa bibi yake.

Baada ya Alasiri tulitembea watatu hadi ukingo wa msitu, tukawaona mbega mitini. Mtoto akauliza, "Sheikh, hao ndio sokwe?"

Tukamwambia la. Mbega ana mkia mrefu wenye kishungi cheupe. Sokwe hana mkia kabisa. Mikono ya sokwe ni mirefu kuliko miguu yake, na atembeapo chini huegemea vifundo vya vidole. Kila jioni hukunja matawi akajitandikia kitanda kipya juu ya mti. Kitoto chake huwa na shungi la manyoya meupe nyuma, na maadamu kingali nalo wakubwa hukisamehe utundu mwingi. (Hapo mtoto alimtazama ami yake.) Kenya hatuna sokwe wa mwituni, walioko wamehifadhiwa Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, na wa kwanza waliletwa kutoka Burundi mwaka 1993, wakati wa vita.

Mengi tuyajuayo juu ya mnyama huyu yametoka Gombe, karibu na Kigoma, alikofika Jane Goodall mwezi wa Julai 1960. Mwaka huohuo alimwona sokwe akipukutisha majani ya kijiti ili avulie mchwa kichuguuni, na wataalamu waliodhani kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye chombo wakalazimika kufikiri upya. Si wapole, lakini. Kati ya 1974 na 1978 kundi moja lililogawanyika lilipigana, na madume wa upande mmoja wakawaua wenzao waliokuwa wakichanuana nao manyoya zamani.

Mtoto akataka kujua sokwe mdogo akifiwa na mama huwaje. Tulisita. Kisha tukaona kumficha si haki, kwani yeye anayajua hayo kutushinda. Tukamweleza habari za Flint, ambaye mamaye, Flo, alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa na miaka minane na nusu, awezaye kujitafutia chakula. Akaacha kula, akajikunyata karibu na pale mama alipofia, na katika majuma machache naye akafa.

Tukamweleza pia habari za Mel, wa miaka mitatu, aliyeachwa yatima mwaka 1987 kwa maradhi yaliyofanana na homa ya mapafu. Alichukuliwa na Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili, aliyefiwa na mama yake katika maradhi yayo hayo. Alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akalala naye kitanda kimoja, na madume wakubwa walipohamaki alimwondoa njiani hata kama yeye mwenyewe angepigwa.

"Spindle alikuwa nani yake?"

Tukajibu kwamba hawakuwa na udugu wa karibu.

Mtoto akanyamaza, akaushika mkono wa ami yake, tukarudi mjini kabla ya Magharibi. Usiku shauri halikuchukua muda. Tumewafikishia jamaa kwamba mtoto anabaki Litein, na likizo ya Agosti atashuka Mombasa kwa bibi yake.