Jicho la sungura lisiwe bei ya urembo

Je, ni haki kumtia mnyama uchungu ili mwanadamu asalimike? Swali hili huzuka kila mara maadili ya sayansi yanapojadiliwa madarasani, na aghalabu wanafunzi hugawanyika makundi mawili. Moja hushika upande wa huruma, jingine hushika upande wa usalama, na kengele hulia kabla ya yeyote kumshawishi mwenzake. Nionavyo mimi, makundi yote mawili hukosea kwa kudhani kwamba ni lazima tuchague moja. Historia ya kipimo cha Draize, ambacho kwa miaka mingi kilitumia macho ya sungura kupimia ukali wa kemikali, yatufunza vinginevyo.

Yafaa tuanze na chanzo, maana si uungwana kulihukumu jambo bila kujua lilikotoka. Mwaka 1933, nchini Marekani, iliuzwa rangi ya kupaka nywele za kope iliyoitwa Lash Lure. Wanawake walioipaka ili wapendeze waliishia kuvimba macho na kupata vidonda. Kuna waliopofuka, na mmoja akafariki. Serikali haikuwa na uwezo wa kuipiga marufuku, kwa kuwa sheria ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na dawa, wala haikugusa vipodozi. Ilipofika mwaka 1938 ndipo Rais Franklin Roosevelt alipotia sahihi sheria mpya iliyoviweka vipodozi chini ya uangalizi wa serikali.

Sheria ilipokwisha kutungwa, kipimo nacho kikahitajika. Mwaka 1944 John Draize, mtaalamu wa sumu katika idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, alichapisha utaratibu wake pamoja na wenzake Geoffrey Woodard na Herbert Calvery. Katika utaratibu huo, kama ulivyokuja kuzoeleka, sungura mweupe huvutwa kope ya chini, kisha mililita 0.1 ya kemikali hutiwa katika jicho moja. Jicho la pili huachwa liwe la kulinganishia. Mtaalamu hulitazama jicho baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na pengine huendelea hadi siku 21. Hutoa alama zisizozidi 80 kwa konea, yaani ule utando mwangavu wa mbele ya jicho. 10 kwa irisi, ile duara yenye rangi. Na 20 kwa utando laini wa ndani ya kope. Jumla ya juu kabisa ni 110, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo jicho lilivyoharibika.

Hapana shaka kwamba nia ilikuwa njema. Watu walikuwa wamepofuka, na ilipasa wengine walindwe. Lakini wahenga walinena kuwa mazoea yana taabu. Kipimo kilichozaliwa na msiba kiligeuka kuwa desturi, kikatumiwa kwa shampuu, sabuni, dawa za kuua wadudu na kemikali za viwandani, huku wachache tu wakiuliza kama jibu lake ni la kuaminika.

Na sababu za kuuliza zilikuwapo. Jicho la sungura si jicho la binadamu. Konea yake ni nyembamba kuliko yetu, ana kope ya tatu ambayo sisi hatuna, na hupepesa macho mara chache mno. Isitoshe, alama hutegemea jicho la anayetazama. Mwaka 1971 watafiti Carrol Weil na Robert Scala walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo kemikali zile zile zilipimwa katika maabara zaidi ya 20. Majibu yalitofautiana sana, hata kemikali iliyoonekana kali katika maabara moja ikaonekana haina neno katika nyingine. Kwa hivyo sungura aliumia, na bado mwanadamu hakupewa hakikisho aliloahidiwa.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa la umma alikuwa mwalimu. Henry Spira alifundisha katika shule ya sekondari jijini New York. Tarehe 15 Aprili 1980, yeye na wenzake walichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times, wakiiuliza kampuni ya vipodozi ya Revlon ni sungura wangapi inaowapofusha kwa ajili ya urembo. Spira hakutaka kampuni ifungwe. Alitaka itenge sehemu ndogo ya mapato yake kutafutia njia mbadala. Kabla ya mwaka huo kwisha, Revlon ilikubali kutoa dola 750,000 kwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, na kampuni nyingine zikafuata.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Tangu mwaka 1959 wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walikuwa wameandika kwamba mtafiti ana wajibu wa namna tatu: kutafuta badala ya mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuwapunguzia maumivu. Kilichokosekana kilikuwa fedha na msukumo.

Penye nia pana njia. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la OECD liliidhinisha vipimo vinavyotumia macho ya ng'ombe na ya kuku kutoka vichinjioni, yaani wanyama waliochinjwa kwa ajili ya chakula. Mwaka 2015 likaidhinisha kipimo kinachotumia seli za binadamu zilizokuzwa katika maabara zikafanana na tabaka la juu la konea. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2013, ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Wapo watakaosema kwamba hakuna kipimo kimoja kilichochukua nafasi ya sungura kikamilifu. Wasema kweli. Hulazimu kuunganisha vipimo kadhaa, na mwongozo wa OECD wa kutumia sungura, uliotolewa mwaka 1981, haujafutwa. Umebaki kuwa njia ya mwisho. Lakini tuzingatie hili: ilipita miaka 31, hadi 2012, kabla ya mwongozo huo kutaka dawa za ganzi na za kutuliza maumivu zitumiwe kwa kawaida. Dawa hizo zilikuwapo siku zote. Hapo si sayansi iliyochelewa, ni dhamiri.

Hapa kwetu, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ina sehemu inayohusu majaribio kwa wanyama, na mwalimu wa bayolojia angefanya vyema kuisoma pamoja na wanafunzi wake. Mjadala ukizuka tena darasani, asiwaulize nani anampenda sungura na nani anampenda binadamu. Awaulize: kipimo hiki chatwambia nini, chatwambia kwa uhakika gani, na je, hatuwezi kulijua jambo hilo hilo kwa njia isiyotesa? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo atakuwa mwanasayansi bora, na waliopofushwa na Lash Lure hawatakuwa wamesahauliwa.