Nyumba na Jua: Juu ya Masomo ya Uzamili katika Usanifu Endelevu wa Majengo

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaenda ng'ambo kwa masomo ya juu, nilichora jengo la madarasa manne kwa shule moja ya sekondari ya pwani. Kiwanja kilielekea barabarani, nami nikaulaza ukuta mrefu wenye madirisha kuikabili barabara hiyo, ili jengo liwapendeze wapitao. Barabara ilikuwa upande wa magharibi. Mwaka uliofuata nilipoitembelea shule, mwalimu wa hisabati alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Ifikapo alasiri, wanafunzi wa safu ya dirishani huinuka mmoja mmoja, bila kuambiwa, wakaenda kubanana upande wa pili wa darasa. "Injinia," aliniambia kwa upole (watu wengi hutuita hivyo sisi wasanifu, nasi tumechoka kukanusha), "vipindi vya mwisho mimi hufundisha nusu darasa."

Kosa lile lilikuwa langu, nalo ndilo lililonirudisha shuleni.

Msomaji aweza kuuliza: mtu aliyekwisha hitimu usanifu ana haja gani ya kusoma tena ili ajue jua linatua wapi? Jibu ni kwamba kujua jua linatua magharibi ni jambo moja, na kulipima ni jingine. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye mwinuko wa nyuzi 60 hivi. Tanjiti ya nyuzi 60 ni 1.73, kwa hiyo paa lililotokeza mita 1 mbele ya ukuta wa kaskazini huutupia kivuli chenye kimo cha mita 1.73, kiasi cha kulifunika dirisha la kawaida. Mwezi wa Desemba jua huhamia kusini, likasimama kwenye nyuzi 73 hivi, na kivuli cha paa kama hilo katika ukuta wa kusini hupita mita 3. Sasa tazama ukuta wa magharibi. Mnamo tarehe 21 Machi, saa nne baada ya adhuhuri, jua limekwisha shuka hadi nyuzi 30. Tanjiti yake ni 0.58. Paa lile lile la mita 1 sasa hukinga sentimita 58 tu, na dirisha lililosalia lote limo juani. Hesabu hii ni ya sekondari. Nami niliijua tangu kidato cha tatu. Sikuwa nimeipeleka kwenye karatasi ya kuchorea.

Malalamiko ya namna hii si mapya. Mwaka 1953 ulifanyika mkutano katika chuo cha University College, London, juu ya usanifu wa majengo katika nchi za joto. Miongoni mwa waliouchochea ni mwanafunzi wa Kinigeria aliyekuwa akisoma Manchester, Adedokun Adeyemi, aliyeona kwamba aliyokuwa akifundishwa hayangemfaa atakaporudi kwao. Mwaka 1954 shule ya Architectural Association ya mji huo ikaanzisha kozi maalumu chini ya Maxwell Fry. Baadaye ikaongozwa na Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyewahi kuwa msanifu mkuu wa dola ya Mysore huko India. Kutokana na kazi ya kundi hilo zilipatikana jedwali za Mahoney, ambazo hadi leo mwanafunzi wa uzamili hana budi kuzijua: hutia ndani halijoto, unyevu na mvua ya kila mwezi, kisha husoma jengo lielekee wapi, madirisha yawe makubwa kiasi gani, na kuta ziwe nzito au nyepesi.

Hata hivyo, Wagogo hawakungoja jedwali. Tembe lao, lenye kuta nene na paa bapa la udongo, hulipokea joto la mchana polepole sana, hata likifika ndani usiku wa Dodoma umekwisha poa. Jenga ukuta mnene vivyo hivyo pwani, ambako usiku nao ni wa joto na unyevu, nawe utalala ndani ya tanuri. Huku twahitaji upepo: kusi na kaskazi zipite chumba kizima, ziingie dirisha hili na kutokea lile. Ndiyo sababu sichoki kuwaambia wanafunzi wangu kwamba nyumba njema haina nakala.

Sehemu nyingine ya masomo huhusu vitu vya kujengea. Mwalimu wa kemia na aandike ubaoni: gramu 100 za kaboneti ya kalsiamu zikichomwa hutoa gramu 56 za oksidi ya kalsiamu na gramu 44 za kaboni dioksidi. Hayo yote hutokea tanurini mwa saruji, mbali na moshi wa fueli. Takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi itokanayo na shughuli za binadamu duniani hutoka katika saruji. Siwaombi watu waiache. Nyumba yangu mwenyewe ina msingi wa zege. Nauliza tu iwekwe pale inapostahili.

Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, aliifuata njia hiyo angali mwanafunzi Berlin. Shule ya msingi aliyowajengea wanakijiji wenzake mwaka 2001 ni ya tofali za udongo uliotiwa saruji kidogo, na paa lake la bati limeinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati na kulichukua joto. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker.

Kwa anayetaka kuifuata taaluma hii, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha usanifu majengo. Si lazima kuvuka bahari. Fizikia, hisabati, jiografia na mkono wenye kupenda kuchora ndiyo akiba ya kuanzia.

Jengo langu lingali limesimama. Niliporudi kutoka ng'ambo nilichora vibao vya wima vya kuwekwa nje ya madirisha yale, navyo vikachongwa na fundi wa pale pale. Mwalimu wa hisabati alipanda miarobaini mbele yake, kwa mistari, baada ya kukokotoa na darasa lake umbali wa mti hadi ukutani.